Range Rover Sport, Cayenne Turbo au Lexus LX 570: gari kali la mtumba kwa mtu wa Arusha na Moshi

Kila ifikapo Novemba naanza kupokea picha za magari kwenye simu. Mwaka huu mtumaji ni mdogo wangu, anayefanya kazi Dar na kujenga Moshi. Picha zake ni tatu: Range Rover Sport ya 2012 yenye injini ya 5.0 ya supachaja, Porsche Cayenne Turbo ya 2011, na Lexus LX 570 ya 2010. Chini yake ameandika, "Kaka, Desemba napanda na lipi?" Anayeijua Desemba ya Uchagani anajua swali hilo lina uzito gani. Gari likiingia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, linasomwa na ukoo mzima kabla mwenyewe hajashuka.

Nami nikamuuliza swali moja tu: likigoma Januari, nani ataifungua hiyo boneti? Hajanijibu mpaka leo. Basi naandika kwa ajili yake, na kwa wengine walioko Njiro, Sakina au Shanty Town wanaozunguka yadi na kurasa za madalali wakiwa na swali lile lile.

Vigezo

Nimeyapima magari haya kwa mambo sita: fedha ya kulipata, injini inavyofanya kazi kwenye mwinuko wetu, barabara, fundi na spea, mafuta na matairi, na siku ya kuliuza. Mambo hayo hayalingani uzito. Kwangu fundi na spea ni nusu ya mtihani mzima, kwa hiyo usishangae nikikaa hapo muda mrefu.

Kwenye kodi yote matatu ni ndugu. Ujazo wa injini zao umepita cc 2,000, hivyo ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 na VAT asilimia 18, kila mmoja ukipigwa juu ya mwenzake. Ukizidisha unapata kama asilimia 62 ya thamani ya gari pamoja na usafiri na bima yake, kabla ya tozo ndogondogo. Na thamani hiyo si lazima iwe ile uliyomlipa muuzaji; TRA wana thamani yao, na kikokotoo kiko kwenye tovuti yao bure. Gari la umri huu huongezewa pia tozo ya uchakavu, na hapo ndipo wengi huomba kiti wakae. Weka modeli na mwaka kwenye kikokotoo kabla hujatuma hata dola moja. Gari ambalo tayari lina namba za hapa limeshamaliza hayo, ila linakuja na maswali yake. Kama lina namba za usajili za herufi D na linauzwa kwa mara ya tatu, jua kuna watu wawili waliokwisha kuchoka.

Kuhusu mwinuko, Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini chini ya mita 1,000, na ukipanda Machame au Marangu unarudi juu tena. Hewa ikipungua uzito, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Jambo la pili halisemwi sana: maji Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfumo wa kupoza wa magari haya unategemea presha iliyofungiwa ndani. Mfuniko ukichoka, au bomba la plastiki likipata ufa mdogo, gari linachemsha mapema kuliko lingechemsha Tanga. Yule kijana wa kuongezea maji ya bomba kwenye rejeta, mwambie asante, akae nayo. Magari haya yanataka kulanti, kimiminika cha kupozea injini, yenye aina yake, si maji yetu yenye chumvi na floridi.

Range Rover Sport 5.0 supachaja

Hili ndilo gari ambalo jina lake halihitaji kutamkwa. Nguvu za farasi 510, viti vya kifalme, na ule mkao wa kumtazama kila mtu kutoka juu. Bei ya kununua huvutia kwa sababu ya kushuka haraka: Uingereza, gari la miaka kumi na zaidi la namna hii linauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya mwanzo. Mengi yanayotoka huko yana usukani wa kulia kama wetu, ila dashibodi husoma maili. Wapo wanaouza maili 90,000 kama kilomita 90,000, kwa hiyo uliza.

Kwenye mwinuko, usidanganywe na neno supachaja, yaani pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini. Inazungushwa na injini yenyewe, hivyo haiwezi kuongeza kasi yake kufidia hewa nyepesi kama turbo inavyofanya. Hapa Arusha utapoteza sehemu ya hizo farasi. Zinazobaki zinatosha, maana kati ya Tengeru, Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe utakutana na vibao vya 50, matuta, na tochi ya trafiki nyuma ya mti.

Barabarani Range ni mwanaume. Ina gia nzito, zile za mwendo mdogo wenye nguvu nyingi, za kushukia mteremko wa utelezi, na mwili wake huinuka ukibonyeza kitufe. Kupanda Kibosho wakati wa masika, matope yakiwa kama sabuni, haina wasiwasi.

Sasa fundi. Arusha kuna mafundi wa Land Rover wa kizazi cha pili na cha tatu. Mji huu umeishi na Defender na 110 za watalii miaka mingi, na Oktoba 2024 tulifanya tamasha zima la Land Rover. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Fundi wa Defender anafanya kazi kwa spana, sikio na uzoefu. Range Sport ina kompyuta nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na bila mashine yake maalumu ya kupimia, fundi anabaki kubahatisha kwa fedha zako. Injini ya 5.0 ya miaka ile inajulikana kwa vikaza mnyororo wa taimingi vinavyolika. Dalili yake ni kugonga kwa sekunde chache injini ikiwaka asubuhi. Ukiacha, mnyororo unaruka na injini ndiyo basi. Mabomba ya kulanti ya plastiki, moja la mbele na moja lililojificha chini ya supachaja, hupasuka kwa uzee. Kuyabadilisha ni kazi ya kufungua nusu ya injini. Halafu kuna sasipensheni ya upepo: mifuko ya hewa inayobeba gari badala ya springi, ikijazwa na kompresa.

Hiyo naomba niieleze pembeni, maana si ya Range peke yake. Kuna ndugu yetu mmoja, gari lake sitalitaja jina, alifika kijijini tarehe 23 Desemba saa nne usiku akapokelewa kwa vigelegele. Asubuhi gari lilikuwa limekaa chini kama kuku anayeatamia. Mfuko mmoja wa upepo ulikuwa umetoboka siku nyingi, na kompresa imekuwa ikihangaika kuujaza mpaka ikaungua. Krismasi nzima gari halikutoka pale, watoto wakilipigia picha. Spea ilipatikana Januari. Ndiyo maana nasema mfuko ukianza kuvuja ubadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mfuko ni bei ya mfuko, lakini ukichelewa unalipa mfuko na kompresa.

Mafuta: mjini hesabu kilomita 5 kwa lita, ukiwa mpole. Kilomita 1,000 kwa mwezi ni lita 200. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni 600,000. Bei kikomo ya EWURA hubadilika kila mwezi, kwa hiyo fanya hesabu na ya mwezi huu. Tairi za inchi 20 zenye ubavu mwembamba hazipendi mashimo ya Moshono. Kuuza tena ni shida. Utapata wanaoliangalia wengi, wanaotoa fedha wachache, na kila mmoja atakuja na fundi wake wa kukushushia bei.

Cayenne Turbo

Nianze kwa kukiri kwamba kati ya haya matatu, hili ndilo ninalolipenda. Kwa hiyo soma sehemu hii ukijua hivyo.

Ya 2011 ni kizazi cha pili: V8 ya 4.8, turbo mbili, farasi 500, na kutoka sifuri hadi 100 ni sekunde 4.7. Bei ya kununua huwa jirani na ya Range. Ukiagiza Japani angalia usukani, maana Wajapani wengi walipenda magari ya Ulaya yakiwa na usukani wa kushoto kama alama ya hadhi, na Cayenne za namna hiyo zipo nyingi. Karatasi ya mnada wa Japani isome yote, hasa herufi R kwenye daraja, inayomaanisha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Mwinuko kwake si tatizo. Turbo huzunguka kwa kasi zaidi kufidia hewa nyepesi, na tofauti ya Moshi na Arusha hutaisikia.

Kwenye barabara hapa pana jambo la kujua. Cayenne za kizazi cha kwanza, mpaka 2010, zina gia nzito za kwenye tope. Kizazi cha 2011 kiliziondoa ili gari lipungue uzito. Lami ya Arusha kwenda Babati na Dodoma itakufanya uimbe peke yako. Njia ya kihambani ikinyesha ni habari nyingine. Litapanda, lakini kwa kuteseka.

Fundi na spea: habari ni nusu nzuri. Cayenne imejengwa kwenye msingi mmoja na Volkswagen Touareg, hivyo baadhi ya spea za chini zinaingiliana na ukiijua namba ya kipuri unaokoa fedha. Giaboksi yake ya gia nane imetengenezwa na Aisin wa Japani na ni ngumu. Ubaya uko kwingine. Boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma kwenye kizazi hiki huchoka. Ukikanyaga mafuta taratibu gari linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Kuna pia viungo vya mabomba ya kulanti vilivyogundishwa kwa gundi, ambavyo joto la miaka huvilegeza, kulanti ikamwagika yote kwa mara moja. Hakuna dalili ya kukuonya. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba vimeshatengenezwa, weka gharama hiyo kwenye bei.

Fundi wa kweli wa Porsche Arusha utamtafuta kwa tochi, na simaanishi ile ya trafiki. Wenye Cayenne ninaowajua huenda Nairobi, kilomita 270 hivi kupitia Namanga, chini ya nusu ya umbali wa kwenda Dar. Spea ya huko unailipia ushuru mpakani kihalali. Usijaribu kuificha chini ya kiti. Unaweza kulipoteza gari kwa ajili ya pampu ya maji.

Mafuta ni kama Range, labda afadhali kidogo safari ndefu. Breki zake ni kubwa na padi zake zina bei. Kuuza: wateja wachache mno Arusha, ila anayeijua Cayenne ataitaka kweli, na historia ya matengenezo iliyoandikwa ndiyo itakayokuuzia.

Lexus LX 570, na pacha wake Land Cruiser 200

Mashabiki wa mwendo watanicheka kulileta hili mezani. V8 ya 5.7, farasi 380 na ushei, haina turbo, na kwa Arusha toa kama asilimia 14 ya hizo. Halikimbii kama wale wawili. Linakwenda kama kanisa linalohama.

Bei ndiyo kikwazo. Magari haya hayashuki thamani kwa adabu, na kwa fedha ya LX ya 2010 unaweza kupata Range au Cayenne yenye umri mdogo zaidi na chenji ikabaki. Jambo jingine: LX 570 haikuuzwa rasmi Japani mpaka 2015. Ya miaka ya nyuma mara nyingi imetoka nchi za Ghuba, yenye usukani wa kushoto. Ile ya mdogo wangu, nilipoikuza picha, usukani uko kushoto. Jaribu kulipita lori la saruji na usukani huo kwenye kona za Kikatiti, uone anayekuangalizia mbele ni nani. Kama unataka usukani wa kulia, Land Cruiser 200 ya petroli kutoka Japani ni rahisi kuipata. Ya dizeli, lile shangingi la 4.5 lenye turbo mbili, haikuuzwa Japani. Nyingi za hapa zimetumikia ofisi kabla ya kustaafu, na safari za Loliondo hazionekani kwenye rangi.

Barabara: hapa sina maneno mengi. Lina fremu ya chuma, gia nzito, ekseli nzima ya nyuma. Litafika.

Fundi na spea: kila mtaa wa gereji Arusha, kuanzia Unga Limited, una mtu aliyezaliwa chini ya Land Cruiser. Lakini niwe mwadilifu, maana watu huambiwa "Toyota ni Toyota" kisha wanalia. Fundi aliyelelewa na 1HZ, injini ya dizeli ya zamani ya Land Cruiser za watalii, ambayo haina kompyuta wala turbo, si lazima aiweze V8 ya dizeli yenye nozeli za presha kubwa. Dizeli chafu ya kwenye dumu ikipita humo, unanunua nozeli nane. LX nayo haina mifuko ya upepo, ina sasipensheni ya mafuta yenye mipira minne ya gesi. Ikiisha gesi, gari linagonga kama trekta. Tofauti ni kwamba mambo haya huja taratibu, na gari linakufikisha nyumbani wakati yanakuja.

Usitegemee nafuu ya mafuta kwenye LX. Nayo ni kilomita 5 au 6 kwa lita mjini. Anayesema ananunua Lexus ili abane mafuta hajawahi kulijaza tangi. Nafuu iko kwenye Land Cruiser ya dizeli: kilomita 8 kwa lita, zile kilomita 1,000 zako zinakula lita 125. Kuuza tena ni simu tatu na chai moja.

Na yale mengine mawili

Ninaulizwa sana BMW X5 M na Mercedes ML 63 AMG. X5 M ya 2010 hadi 2013 ina farasi 555, turbo zake ziko katikati ya V ya injini na joto lake hukausha kila kitu cha mpira kilicho jirani. Haina gia nzito wala tairi ya akiba. ML 63 yenye 6.2 inanguruma vizuri kuliko yote, ila injini hizo za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa bolti za silinda hedi zinazokatika. Ukipata yenye karatasi kuonyesha bolti zilibadilishwa, tuzungumze.

Siku ya kwenda kuliona

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu amekificha, nawe rudi kesho. Kabla ya kuwasha, pima kwa macho urefu wa kila kona toka tairi hadi bodi, kisha liwashe na usikilize sekunde tano za kwanza bila kuongea. Liinue hadi juu, lishushe, liinue tena. Liendeshe nusu saa, lizime, ukae dakika kumi ukinusa: kulanti ina harufu tamu. Peleka gari lipimwe na mashine ya kampuni yake, si kile kidude cha kuchomeka kinachofuta taa ya injini. Mwisho kadi: jina, namba ya chesisi, deni la faini za barabarani.

Kwa hali yako

Kama una gari jingine la kila siku, unaishi mjini, na unaweza kuweka kando fedha ya matengenezo sawa na robo ya bei ya kununua bila kuigusa kwa ada za shule, Cayenne itakupa furaha ambayo hao wengine hawana. Nenda Nairobi kwanza, ukaonane na fundi, ndipo urudi kununua.

Kama kwako ni kihambani au shambani, unataka heshima ya jina na uwezo wa kwenye tope kwa pamoja, na umeshampata fundi mwenye mashine ya Range anayekubali kulikagua kabla hujalipa, chukua Range. Tafuta yenye ushahidi kwamba mnyororo na mabomba vilibadilishwa, hata kama bei iko juu kidogo.

Kama ni gari lako pekee, linalopeleka watoto shule, mgonjwa KCMC na wazee harusini, ni Land Cruiser. Ukiweza, ya usukani wa kulia.

Kama gari litalala Moshi miezi kumi na moja likikusubiri Desemba, hakuna hata moja kati ya ya Ulaya linalokufaa: betri hufa, mifuko ya upepo hukauka imekunjwa, panya hupenda nyaya. Likodi la mtu kwa wiki mbili za sikukuu, madereva wa Arusha wanayo.

Na kama fedha yote uliyonayo ndiyo bei ya kununua, subiri. Harrier bado inapanda Kibosho.

Mdogo wangu yumo kwenye kundi la gari linalolala, ingawa hajakubali. Jumamosi hii tunakwenda Njiro kuiona ile Cayenne. Nimemwomba muuzaji asiiwashe.